Dawa ya meno ya mkaa: uzoefu wangu na maneno ya kwenye boksi

Kwa sisi tuliokulia Arumeru, boksi la dawa ya meno lililoandikwa kwamba linang'arisha hutugusa kuliko watu wengi. Maji ya visima na chemchemi nyingi za huko, yanayopita kwenye miamba ya volkano ya Mlima Meru, yana madini ya floraidi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na mtoto anayeyanywa wakati meno yake ya ukubwani yakiwa bado yanajijenga ndani ya fizi huota meno yenye michirizi ya kahawia. Nina michirizi hiyo kwenye meno ya mbele, na ndiyo iliyonifanya ninunue dawa ya mkaa ambayo jina lake sitalitaja, kwa kuwa ninachotaka kukijadili kinazihusu dawa nyingi za aina yake.

Niliikuta kwenye duka la vipodozi mjini Arusha, ikiuzwa kwa bei inayokaribia mara tatu ya dawa ya kawaida. Boksi lake ni jeusi, maandishi ni ya rangi ya dhahabu, na mbele kuna picha ya jino moja lililogawanywa katikati: upande mmoja kahawia, upande wa pili jeupe kama karatasi. Pembeni kuna duara lililoandikwa kwamba dawa haina floraidi. Binti aliyekuwa akiuza aliliwekea kidole duara hilo na kuniambia, "Dada, hii ndiyo yenyewe, haina ile floraidi iliyowaharibu meno watu wa huku."

Sentensi hiyo ndiyo inayoniuma zaidi katika biashara hii, kwa sababu inachukua ukweli mmoja na kuutumia kuuza jambo lisilo la kweli. Floraidi iliyotuachia michirizi ni ile tuliyoimeza kwa miaka mingi utotoni. Ile iliyomo kwenye dawa ya meno hufanya kazi juu ya jino, ikiimarisha enameli, yaani tabaka gumu la nje la jino, ili isiliwe na asidi inayotengenezwa na bakteria wa kinywani baada ya kula sukari, na mtu mzima ambaye meno yake yameshakamilika hawezi tena kupata michirizi hiyo kwa kupiga mswaki. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiingiza dawa ya meno yenye floraidi ya kati ya 1000 na 1500 ppm, yaani sehemu hizo katika kila sehemu milioni, kwenye orodha yake ya dawa muhimu. Kwa hiyo duara lile la dhahabu linajivunia kuondolewa kwa kiambato chenye ushahidi mkubwa kuliko vyote wa kuzuia meno kutoboka, na linajivunia hilo mbele ya watu wenye kila sababu ya kuiogopa floraidi.

Sasa nieleze matumizi yake. Dawa yenyewe ni nyeusi, ina harufu nzuri ya mnanaa na povu dogo. Huchafua sinki, na chembechembe zake hujibanza kwenye ukingo wa fizi hata baada ya kusukutua mara kadhaa. Kwa haki, madoa ya chai yaliyokuwa nyuma ya meno yangu ya chini yalipungua, na nilifurahi kuyaona yakipungua. Michirizi ya kahawia haikubadilika hata kidogo, na kabla tyubu haijaisha nilianza kusikia ganzi kila nilipokunywa maji ya baridi. Daktari wa meno niliyemwendea alinieleza kwamba mkaa, kama vilivyo viambato vingine vya kusugua, hufika kwenye doa lililo juu ya jino tu, ilhali rangi yangu imo ndani ya enameli yenyewe. Anayetaka kuiondoa au kuifunika anahitaji tiba ya kliniki, na kusugua kwa nguvu kunamaliza enameli bila kuifikia rangi. Hakuna neno hata moja la maelezo haya kwenye boksi, ingawa nafasi ya picha ilipatikana.

Ahadi za namna hii zina historia ndefu. Mwanzoni mwa karne iliyopita nchini Marekani, mtunzi wa matangazo Claude Hopkins aliitangaza dawa ya meno ya Pepsodent kwa kuwataka watu wapitishe ulimi kwenye meno yao na kuuhisi utando uliopo. Kila mtu aliuhisi, maana kila kinywa kina utando huo, na mswaki huuondoa hata bila Pepsodent. Nchini Uingereza mwaka 2007, mamlaka ya kusimamia matangazo ililizuia tangazo la Colgate lililodai kuwa zaidi ya asilimia 80 ya madaktari wa meno wanaipendekeza, baada ya kubainika kwamba madaktari walioulizwa waliruhusiwa kutaja dawa zaidi ya moja. Hata hivyo, matangazo yanaweza kubeba ukweli na bado yakauza: Crest iliingia sokoni mwaka 1955 ikiwa na floraidi, na mwaka 1960 Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani kilipoitambua kwamba inasaidia kuzuia meno kuoza, mauzo yake yalipanda sana.

Tangu yanikute ya dawa ile ya mkaa nimejizoeza kuligeuza boksi kabla ya kulipia. Maandishi ya nyuma ni madogo kiasi kwamba nayakuza kwa kamera ya simu, lakini ndiko kiasi cha floraidi kinakoandikwa, kama kimeandikwa. Siangalii kile kipande cha rangi kilichopo mwishoni mwa tyubu, ambacho ujumbe unaosambazwa kwenye WhatsApp hudai kwamba kikiwa cha kijani dawa ni ya asili na kikiwa cheusi ni kemikali tupu. Alama hiyo huwekwa ili mashine ya kiwandani ijue mahali pa kukata na kufunga tyubu. Mazoea hayo yamenifuata hadi kwenye bidhaa nyingine. Mafuta ya alizeti, kwa mfano, huandikwa kwa herufi kubwa kwamba hayana kolesteroli, ilhali mafuta yanayotokana na mimea hayana kolesteroli ya kuhesabika, hata yale ya chupa isiyosema lolote.

Kwa sasa natumia Whitedent yenye floraidi, inayotengenezwa Dar es Salaam na Chemi & Cotex. Haijaniahidi weupe wa karatasi, bei yake naimudu kila mwezi, na ganzi imepungua tangu niliporudi kwenye dawa ya kawaida na mswaki laini.

Dawa za watoto ndizo ningependa watengenezaji wazitazame kwanza. Zina picha za katuni na ladha ya matunda, na tangazo huonyesha dawa ikiwa imejaa mswaki mzima kutoka mwanzo hadi mwisho. Mtoto aliye chini ya miaka mitatu anahitaji kiasi cha punje ya mchele tu, na wa miaka mitatu hadi sita kiasi cha punje ya njegere, tena akisimamiwa ateme badala ya kumeza. Kule Arumeru, ambako mtoto tayari anapata floraidi ya kutosha na kuzidi kutoka kwenye maji, kiasi hicho kingepaswa kuandikwa kwa Kiswahili mbele ya boksi, mahali ilipo katuni.