Nargis katika diski nne: picha zake, maisha yake, na kama kasha hili linunuliwe

Assalaam aleikum watazamaji wangu, karibuni sana. Leo nimewaletea kasha la diski nne za Nargis, mwigizaji wa sinema za India. Ndani yake kuna Andaz ya 1949, Awaara ya 1951, Mother India ya 1957 na Raat Aur Din ya 1967. Zote nimezitazama mpaka mwisho, na nitawaambia kama zinastahili pesa yenu. Lakini picha hizi huwezi kuzichambua bila kumzungumza mwenyewe Nargis, kwa hiyo tutakwenda navyo vyote viwili.

Huku kwetu Nargis ana sifa mbili. Ukikaa na wazee wa Unguja, Dar es Salaam au Mombasa waliokuwa wakipanga foleni za sinema enzi hizo, watakutajia yule binti aliyekuwa akicheza na Raj Kapoor, wawili chini ya mwavuli mmoja na mvua inamwagika. Wengine watakutajia yule mama mkulima wa Mother India. Mimi nasema bibi huyu alikuwa mkubwa kuliko sifa zote mbili, na ushahidi umo humu.

Naanza na Mother India, maana ndiyo wengi wataifungua kwanza. Picha inafunguka na uso wa bibi kizee, ngozi imekunjamana, ameshika bonge la udongo wa shamba. Wakubwa wa kijiji wanamwomba azindue mfereji mpya wa maji. Wanataka kumvisha koja la maua, naye anaona haya, anakataa, wanamshikilia. Mwishowe anakubali, anayainusia yale maua, na harufu inamrudisha siku ya harusi yake. Tazameni macho yake hapo. Hakuna neno analosema, na bado unauona umri mzima unapita. Aliyecheza bibi kizee huyo alikuwa hajatimiza miaka 29! Picha ilitoka Oktoba 1957, naye alizaliwa tarehe 1 Juni 1929 mjini Calcutta.

Humo ndani anakuwa bi harusi, mke, mama wa watoto wadogo, mwanamke aliyeachwa, kisha mzee. Mwendo wake unabadilika hatua kwa hatua. Mwanzoni anatembea kwa miguu myepesi ya mwari. Baada ya mume kuvunjwa mikono na jiwe na kutoweka usiku, mabega yanashuka. Anapojifunga jembe la kukokotwa na ng'ombe na kulivuta mwenyewe na wanawe, mwili wote unalala mbele, shingo imekaza, na hapo humwoni tena staa wa Bombay.

Kuna kipande kimoja nimekirudia sana. Mafuriko yamekula mazao, mtoto mchanga amekufa, waliobaki wana njaa. Radha, ndiye mama anayechezwa na Nargis, anakwenda nyumbani kwa Sukhilala, mkopeshaji wa riba anayemtamani siku zote, akiwa amejaa matope toka kichwani hadi miguuni. Anasimama mbele ya sanamu ya Lakshmi, mungu wa kike wa utajiri wa Wahindu, na kuanza kusema naye kwa uchungu, kama mtu anayemlaumu jirani aliyemwona akizama akanyamaza. Sauti inapanda, inakatika, inarudi. Mwigizaji mwingine angelia tu pale. Nargis anakasirika, na hasira ile ndiyo inayomwokoa, maana baadaye Sukhilala anakula kipigo.

Mwisho wa picha siwaharibii wale ambao hawajaitazama. Nitasema tu kwamba Mehboob Khan, mwongozaji, alimpa Nargis bunduki katika Andaz na akampa tena katika Mother India, na mara zote mbili risasi inatoka kwa sababu tofauti kabisa. Zitazameni mbili hizi siku zinazofuatana mtaona.

Mehboob Khan ndiye pia aliyempa nafasi yake ya kwanza kubwa, katika Taqdeer ya 1943, akiwa binti mdogo wa miaka 14. Jina lake la kuzaliwa ni Fatima Rashid. Mama yake, Jaddanbai, alikuwa mwimbaji, akatunga muziki wa sinema na akatengeneza picha zake mwenyewe, jambo ambalo wanawake wachache sana waliweza wakati ule. Ndiye aliyemweka binti yake mbele ya kamera mwaka 1935, katika picha ya Talash-e-Haq, akiwa bado mtoto, akaitwa Baby Nargis. Baba alitaka kuwa daktari, na binti naye aliutamani udaktari. Sinema ikamchukua kwanza.

Sasa Awaara. Hii haihitaji kupigiwa debe. Iliingia kwetu, ikaingia Urusi, na nyimbo zake watu waliziimba bila kujua Kihindi. Tunaikumbuka kwa Raj Kapoor na kofia yake, na ndiyo maana nawaomba safari hii mumtazame Rita. Ni mwanasheria. Anasimama mahakamani kumtetea mwanaume anayempenda, na anamhoji jaji aliyemlea nyumbani kwake. Mwaka 1951! Nargis anaicheza kwa utulivu, kidevu juu, hapayuki, wakati stelingi ndiye anayelia. Kwangu mimi, bila ya Rita picha ile ingepungua nusu ya uzito wake.

Wawili hao walicheza pamoja picha 16, na nembo ya RK, studio ya Raj Kapoor, mwanaume mwenye fidla mkono mmoja na mwanamke mkono wa pili, ilitokana na kipande cha Barsaat ya 1949 chenye Raj Kapoor na Nargis. Watu wamesema mengi juu ya mapenzi yao. Mimi siyarudii hapa, kwa sababu kila anapozungumzwa Nargis tunaishia kumzungumza Raj Kapoor, na hilo si haki kwake.

Turudi kwenye Mother India kidogo, kwa sababu kuna jambo lililotokea nje ya hadithi. Walipokuwa wakipiga kipande cha moto, kule Gujarat, Radha akimtafuta mwanawe Birju katikati ya marobota ya majani yanayowaka, moto ukawazidi nguvu na Nargis akazingirwa. Sunil Dutt, aliyecheza Birju, akajitosa ndani akamtoa. Aliungua, Nargis akamuuguza. Machi 1958 wakaoana. Ndiyo, aliyecheza mwanawe ndiye aliyekuja kuwa mumewe. Mwaka huohuo akapata tuzo ya mwigizaji bora wa kike katika tamasha la sinema la Karlovy Vary, na serikali ya India ikampa nishani ya Padma Shri. Picha yenyewe iliteuliwa kugombea Oscar, ya kwanza kutoka India.

Na hapo, akiwa juu kabisa, akakaribia kuacha sinema moja kwa moja. Akalea watoto watatu, Sanjay, Namrata na Priya, akawa anakwenda na mumewe na kikundi chao kuwatumbuiza wanajeshi mipakani, akawasaidia watoto wenye ulemavu wa mtindio wa ubongo. Mwaka 1980 akaingia Rajya Sabha, baraza la juu la bunge la India.

Diski ya nne, Raat Aur Din, ndiyo itakayowashangaza. Watu wengi huku hawaijui. Nargis ni Varuna, mke mtulivu mchana, na usiku anageuka mwanamke mwingine anayejiita Peggy, anavuta sigara, anacheza dansi kwenye vilabu, na asubuhi hakumbuki kitu. Leo tungesema ni maradhi ya akili, na picha inalichukulia hivyo kwa heshima, ingawa waganga wa kienyeji wanaingizwa pia. Mabadiliko anayafanya kwa shingo na macho. Peggy anakutazama moja kwa moja, Varuna anatazama chini. Ilimpa tuzo ya taifa ya India ya mwigizaji bora wa kike, na ndiyo picha yake ya mwisho.

Haya, kasha lenyewe. Andaz na Awaara, ambazo si za rangi, zimesafishwa vizuri, weusi ni mweusi kweli na nyuso zinasomeka. Mother India rangi zake ni nzito, nyekundu inapendeza, ila kuna vipande vinavyocheza cheza, hasa kwenye mafuriko. Sauti ni ya zamani, vaeni spika za masikioni mkiweza. Kasoro inayoniudhi ni kwamba nyimbo hazikutafsiriwa. Maandishi ya chini yanakatika muziki ukianza. Wimbo wa kuvuta jembe, ule alioimba Lata Mangeshkar na dada zake, unasema tumekuja duniani basi hatuna budi kuishi, na picha nzima imeegemea hapo. Mtazamaji asiyejua Kihindi anaupita hivihivi. Waliotengeneza kasha hawana udhuru.

Pia kijitabu kilichomo ndani kimemaliza maisha ya Nargis mwaka 1958, na arusi. Alifariki tarehe 3 Mei 1981 kwa saratani ya kongosho, akiwa na miaka 51, siku chache kabla ya kuzinduliwa Rocky, picha ya kwanza ya mwanawe Sanjay kama staa. Siku ya uzinduzi kiti chake kiliachwa wazi. Mwaka uliofuata mumewe akaanzisha taasisi ya saratani kwa jina lake. Kijitabu cha kurasa kumi na mbili kingeweza kuyabeba hayo.

Kwa hiyo, kama una Mother India na Awaara tayari, usinunue kasha zima, tafuta Raat Aur Din peke yake. Kama huna hata moja, nunua, na uanze na Andaz. Mother India itengee siku ambayo huna haraka, maana inakaribia saa tatu, na mtazame pamoja na mzee yeyote wa nyumbani aliyewahi kuiona sinemani. Mkiona kitu ambacho mimi nimekipita, niandikieni hapo chini, nasoma zote.