Mawakili wa Talaka Karibu na Milimani: Ushauri Mzuri, Ada Zenye Utata

Niliiendea ofisi hii, iliyo mwendo mfupi kutoka Mahakama za Milimani jijini Nairobi, kwa sababu mume wangu aliorodhesha nyumba na gari katika hati za mgawanyo wa mali, akanyamaza kabisa kuhusu hazina yake ya uzeeni. Wakili alinieleza waziwazi kwamba Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 haitaji pensheni kwa jina, na kwamba Mahakama ya Juu iliamua mwaka 2023 kuwa usawa wa wanandoa katika Katiba haumaanishi kugawana nusu kwa nusu moja kwa moja. Kila upande huthibitisha mchango wake, zikiwemo kazi za nyumbani na malezi ya watoto. Taarifa ya hazina ilipowasilishwa baada ya sisi kuidai, wakili aliitandaza mezani, akapiga mstari kwa kalamu nyekundu chini ya mwaka tuliofunga ndoa, ili michango ya awali isichanganywe na ya baadaye. Alipendekeza pia nidai sehemu kubwa zaidi ya nyumba badala ya kungoja fedha ambazo kwa kawaida hazitolewi kabla ya kustaafu, ushauri ambao kwangu ulistahili ada yote.

Ada yenyewe ndiyo iliyoniudhi. Makadirio ya kwanza hayakutaja gharama ya barua kwa wadhamini wa hazina, na ankara ya ziada ililetwa kana kwamba tulikuwa tumeafikiana. Mapokezi nayo ni finyu mno. Masaibu ya mwenzako unayasikia, utake usitake. Mwenye mzozo wa pensheni ningemwelekeza huko, ila adai orodha ya ada kwa maandishi kabla ya kutia sahihi.