Skana ya mkononi na programu yake ya stoo ya vifaa tiba: skana poa, programu ina kasoro

Skana yenyewe haina maneno mengi. Inasoma bakodi za mistari na zile za vinukta vya mraba, yani Data Matrix, na inashika fasta hata kwenye kipakiti cha skrubu za mfupa ambacho kodi yake ni ndogo kama punje ya mchele. Plastiki ikiwa inang'aa unaiinamisha kidogo tu inasoma. Chaji inamaliza shifti. Hapo sina ugomvi.

Ishu iko kwenye programu iliyokuja nayo. Kodi ya UDI, yani ile namba ya kukitambulisha kifaa tiba inayobandikwa kwenye pakiti, ina vipande viwili, cha kwanza kinasema ni kifaa gani, cha kampuni gani na modeli ipi, cha pili kinahusu hicho hicho ulichoshika mkononi, bechi yake, siriali namba, kinaisha muda lini. Kwa mpangilio wa GS1, shirika la kimataifa la bakodi, unakuta 01 na tarakimu 14, halafu 17 na tarehe, mfano 17270331 ni 31 Machi 2027, halafu 10 na bechi, 21 na siriali. Sasa bechi haina urefu maalum, so kati yake na siriali huwekwa alama ya kutenganisha ambayo kwa macho huioni. Skana hii ikitoka tu kwenye boksi inaimeza hiyo alama, bechi na siriali zinagandana, na programu inapokea bila kulalamika, skrini kijani, kila mtu anajua kazi imeisha, kumbe siku kiwanda kikisema bechi fulani irudishwe ukiitafuta kwenye mfumo haipo!! Dawa ipo, kwenye kitabu cha maelekezo kuna bakodi ya setingi, ukiiskani mara moja alama inaanza kupita. Ila mbona wasiiseti hivyo tangu kiwandani?

Kingine, kodi za HIBCC, shirika lingine lenye mpangilio wake wa UDI, zile zinazoanza na alama ya kujumlisha, inaziweka kama maandishi tu bila kuzichambua. FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, imetoa kanuni ya UDI tangu 2013 na HIBCC ni kati ya watoa kodi za UDI wanaokubalika, so hakuna kisingizio.

Nilichopenda sana ni tarehe. Ukiskani kitu kilichoisha muda inapiga kelele kabla pakiti haijafunguliwa, manesi wa thieta wanaisifia hiyo. Na maelezo ya kifaa inavuta yenyewe kutoka AccessGUDID, hifadhidata ya FDA iliyo wazi bure kwa yeyote, so hakuna kuandika majina marefu kwa mkono. Lakini jueni kule kuna kipande cha kwanza tu, siriali ya kila kifaa haikai huko, hiyo ni kazi ya hospitali kuiweka kwenye faili la mgonjwa. Na hapo ndo waliponiudhi, kuunganisha kipandikizi na faili la mgonjwa wamekufanya kitu cha kulipia pembeni. Jamani, nyonga bandia ikishaingia mwilini huwezi kuiskani tena, sasa rekodi utaitoa wapi?

Skana nunueni. Programu, kabla hamjalipa beba pakiti yenye bechi na siriali, waambie waiskani mbele yako, halafu waitafute hiyo bechi peke yake uone kama inatokea.