Uzoefu wangu na seva ya mtumba yenye prosesa mbili

Mwaka jana nilinunua seva ya mtumba jijini Arusha kwa ajili ya ofisi ndogo ya uhasibu ninayoihudumia hapa Moshi. Ina prosesa mbili za Xeon E5-2620 v2, zenye viini sita kila moja, na memori ya gigabaiti 64 ya aina ya ECC, yaani inayojikagua makosa, iliyogawanywa katika vipande vinane. Kwa fedha niliyotoa nisingepata mashine mpya yenye nguvu hiyo, na kwa wiki tatu za mwanzo nilijiona mjanja.

Kisha ikaanza kujiwasha upya yenyewe. Mhasibu akiwa katikati ya kuingiza hati za malipo, skrini ingeganda, na kutoka chumba cha pili tungesikia feni zikivuma kwa kasi yake yote, kama zinavyovuma kila mara seva inapowaka. Zilipita hata siku nne bila tatizo, halafu siku ya tano ikaanguka mara mbili kabla ya saa kumi jioni.

Kila niliyemweleza alisema ni umeme, nami niliamini hivyo. Seva ina pawasaplai mbili, kwa hiyo nilichomeka kila moja kwenye UPS yake, yaani betri ya akiba ya umeme ukikatika, na kwenye mojawapo nikaongeza redio ya mlinzi. Seva ilianguka tena saa nane mchana huku redio ikiendelea kusoma matangazo ya vifo bila kukatika. Nikahamishia shaka yangu kwenye Linux, mfumo endeshi wa seva hiyo. Logi, yaani rekodi zake za matukio, zilikatika ghafla pasipo kerneli, kiini cha mfumo huo, kuacha neno lolote, na hata nilipoweka kernel.panic kuwa 0, ili kerneli ikielemewa isimame palepale badala ya kuiwasha mashine upya, hali haikubadilika. Aliyekuwa akiiwasha hakuwa Linux.

Hapa ndipo seva halisi inapoizidi kompyuta ya mezani, na ndiyo sababu sijajuta kuinunua. Kwenye bodi yake kuna kidhibiti kidogo kinachojitegemea, BMC, ambacho hubaki hai hata seva ikizimwa, mradi waya wa umeme umechomekwa, na huandika matukio ya vifaa katika daftari lake lenyewe. Nililisoma kwa programu ya ipmitool, nikakuta makosa ya memori yasiyosahihishika, yote upande wa prosesa ya pili. Memori ya ECC husahihisha kosa la biti moja na kulitambua la biti mbili bila kuweza kulirekebisha, na likitokea hilo la pili mashine huona heri isimame kuliko kuendelea na namba za uongo, uamuzi ambao ofisi ya wahasibu haiwezi kuulalamikia. Mstari wa kwanza wa daftari ulinikera zaidi: ulisema rekodi zote za daftari zimefutwa, na tarehe yake ilikuwa siku moja kabla ya mimi kulipa.

Memtest86+, programu ya kupima memori, ilikesha usiku kucha bila kuona kosa, nikapoteza wiki nzima kwa kuiamini. Baadaye niliitoa prosesa ya pili. Nusu ya memori ikatoweka nayo, kwa kuwa kila prosesa huhudumia nafasi zake yenyewe, na seva ikakaa siku tisa bila kutikisika. Nilibadilishana prosesa, kisha vipande vya memori, lakini kosa halikumfuata yeyote. Lilibaki kwenye soketi ya pili, yaani kikalio cha prosesa kwenye bodi.

Soketi hiyo ina pini 2011. Nilizipitia safu kwa safu kwa tochi na kamera ya simu iliyokuzwa, hadi nikaiona moja iliyolala kidogo kuelekea jirani yake, ikikosa kung'aa kama wenzake. Naamini ilikuwa ikigusa kwa shida, na joto la mchana likitanua vyuma inaachia, ndiyo maana jaribio la usiku halikuona kitu. Niliinyanyua kwa ncha ya penseli ya kubonyeza niliyoitoa risasi, mkono ukitetemeka, kwa sababu ikikatika bodi nzima imekwisha. Nikapaka pesti mpya ya joto na kufunga. Sasa ni mwezi wa tano, haijajiwasha hata mara moja.

Seva naipa nyota nne. Muuzaji nampa moja: nilipompigia kumweleza habari ya pini na ya daftari lililofutwa, alinijibu kwa upole kabisa, "Kaka, umeme wa huko Moshi ndio tatizo."