Chanta ya kujifunzia begipaipu: vitundu vyake vimenimaliza, na kuna tyuni moja sitawapigia

Haya wadau, karibuni tena, na leo msinikimbie mapema maana hiki kidude nimekingoja wiki sita, kimefika Mombasa juzi na tangu juzi nyumba nzima haijapumzika. Hii ndio chanta, filimbi ya kujifunzia begipaipu, lile zumari la mfuko la Scotland mnaloliona na watu waliovaa kilti, zile sketi za drafti. Urefu, plastiki gani, rangi gani, hayo naruka. Mimi nataka muone vitundu.

Ngoja nisogeze kamera. Mnaona? Kila kitundu kimechimbwa kama kisahani kidogo, kwa hiyo kidole kikishuka kinakaa chenyewe, huangalii. Saba mbele, kimoja nyuma cha dole gumba, jumla vinane, na hivyo vinane vinakupa noti tisa, tisa tu kwa muziki wote ule! Ile ya kwanza niliyoagiza mwaka jana, bei ya chee, ilikuwa na vitundu bapa na ridi, kile kijiti chembamba kinachotetemeka kutoa sauti, ilikuja imepasuka, muuzaji akaniblock, basi.

Kwa nini nang'ang'ania vitundu? Kwa sababu begipaipu hainyamazi. Ukishaujaza mfuko upepo inalia mfululizo mpaka uache kuikamua, na sauti huwezi kuipandisha wala kuishusha. Sasa mpiga nzumari wetu huku Pwani, mmemuona kwenye ngoma, anajaza mashavu anavuta pumzi kwa pua na sauti haikatiki, sivyo? Kwenye begipaipu ule mfuko wa kwapani ndio mashavu. Ila wa nzumari ridi iko mdomoni mwake, hapa ridi imefichwa ndani ya kofia hii, ulimi haufiki. Sasa noti moja ukitaka kuipiga mara mbili unafanyaje?

Sikilizeni. Noti inayoitwa A ya chini, naziba vyote naachia kidole cha mwisho cha mkono wa kulia. Napiga mara nne... umesikia nne? Hukusikia, ni moja ndefu tu. Tena sasa, angalieni kidole cha shahada cha kushoto, nakiinua na kukirudisha haraka kama nimegusa sufuria ya moto. Ta, ta, ta, ta! Hiyo ndio greisi-noti, sikio linadhani umekata kumbe hujakata chochote, umepitisha noti ya juu katikati. Na kuna nyingine inaitwa bero, kidole cha mwisho kinapiga tundu mara mbili kama mtu anabisha hodi, hiyo bado inanitoa jasho lakini kwenye vitundu hivi angalau naipata mara tatu kwa kumi, kwenye ile ya zamani nilikuwa naambulia patupu.

Na ndio maana nazipenda hizi tyuni, zote zimelazimishwa kuingia humu. Chukua Green Hills of Tyrol. Hii asili yake ni opera ya mtunzi Rossini ya 1829 kule Paris! Halafu ikaja Vita vya Krimea, miaka ya 1850, kiongozi wa wapiga begipaipu wa rejimenti ya 93 ya Waskoti, John MacLeod, akasikia bendi ya jeshi la Sardinia wakiipiga, akaipenda, akaitengenezea vidole. Muziki wa opera, okestra nzima, ukaminywa ndani ya noti tisa na leo kila bendi inaipiga.

Flowers of the Forest sitaipiga hapa, na nawaomba mnielewe, mmeiomba sana kwenye komenti. Ni maombolezo ya vita vya Flodden, Waskoti dhidi ya Waingereza, tarehe 9 Septemba 1513, Waskoti waliuawa maelfu siku moja na mfalme wao James wa Nne akafa nao. Wapiga begipaipu wengi hawaipigi hadharani ila mazishini au kwenye kumbukumbu ya waliokufa, mazoezini sawa, tena faraghani. Mimi nimejifunza kwa watu, siwezi kuigeuza kuwa kontenti.

Bei, nimelipa kama elfu kumi na moja za Kenya pamoja na usafiri. Kuna zile za elektroniki unavaa hedifoni majirani hawasikii, bei yake mara kadhaa ya hii, na mimi nilikuwa nazitamani mpaka juzi, sasa sizitamani tena kwa sababu nyingi unagusa tu kijichuma, hakuna kisahani, kidole hakijui kiko wapi. Ingawa kwa wale wa ghorofani, mmh, labda mnahitaji.

Halafu binamu yangu wa Muscat kanitumia klipu, askari wa Oman juu ya ngamia wanapiga begipaipu, ngamia wanatembea zao na jamaa hawakosi noti! Nikipata ruhusa ya kuitumia nitaiweka wiki ijayo, na kuanzia mwezi huu video ni Jumamosi, si Ijumaa.

Kasoro moja, mnaisikia hii sauti ilivyoanza kukwama? Ni mate. Dakika ishirini tu ridi imelowa. Naitoa ikauke, Jumamosi tunarudia bero polepole kidole kwa kidole.