Wigi la kipindi cha dripu: anza na ndani yake, nywele baadaye

Nimevaa wigi karibu muda wote wa matibabu yangu ya saratani ya titi, kwenye jua la Dodoma na vumbi lake, hadi nywele zangu zilipoanza kurudi. Naandika kwa ajili ya dada, mama au shangazi aliyeambiwa ataanza kemo, yaani dripu za dawa ya saratani, na sasa anazunguka madukani hajui aangalie nini. Wauzaji wa mawigi wamezoea mteja mwenye nywele zake, aliyesuka twende kilioni akavaa wigi juu aende harusini. Sisi tunalivaa juu ya ngozi tupu, na ngozi yenyewe inauma. Kwa hiyo sifa nyingi utakazosikia dukani hazituhusu.

Kwanza muulize daktari kama nywele zitatoka kweli. Si kila dawa ya saratani hupukutisha nywele. Nyingine huzipunguza tu. Mimi nilipangiwa doksorubisini, ile dawa nyekundu ambayo hata mkojo hugeuka rangi baada yake, pamoja na siklofosfamidi, kisha paklitakseli. Hizo zinajulikana kwa kumaliza kichwa kizima. Nesi aliniambia wazi kwamba kwa kawaida nywele huanza kutoka wiki ya pili au ya tatu baada ya dripu ya kwanza, na ndivyo ilivyokuwa. Dawa inashambulia seli zinazogawanyika haraka, na za kwenye mizizi ya nywele ni miongoni mwake. Mafuta ya kupaka hayawezi kuzuia hilo. Watu watakuuzia, tena kwa huruma na maneno matamu. Usinunue.

Muda huo kabla ya dripu ya kwanza ndio wa kutafuta wigi. Bado una nguvu za kuzunguka, na msusi bado anaziona nywele zako zilivyo. Mimi nilikuwa na nywele za dawa zinazogusa mabega. Nilizikata fupi mapema, na zilipoanza kubaki kwenye mto na kwenye kitana nikanyoa zote. Hapo nesi alisisitiza jambo moja: mashine, si wembe. Kinga ya mwili inakuwa chini, na mkwaruzo mdogo unaweza kuingia vijidudu. Kinyozi wa jirani aliifuta mashine yake kwa spiriti mbele ya macho yangu, akaninyoa taratibu. Siku chache kabla ya hapo ngozi ya kichwa ilikuwa inauma hata nikigusa tu kwa kidole, na baada ya kunyoa nilipata nafuu.

Piga picha pia. Piga nywele kwa mbele na pembeni, halafu sogeza simu upige nyusi peke yake. Nitarudi kwenye nyusi.

Sasa wigi. Nilizunguka maduka ya katikati ya mji nikiwa na mdogo wangu. Kwenye duka moja muuzaji alinitolea wigi refu linalong'aa. "Dada, hii ni nywele ya binadamu asilimia mia, utaiosha hadi uchoke." Akataja laki tatu na nusu. Nikamwomba unywele mmoja tu kutoka upande wa ndani, mdogo wangu akawasha kiberiti. Nywele ya binadamu ikiungua hunuka ile harufu tunayoijua wote, na hubaki jivu linalosagika kwa vidole. Ule uzi ulijikunja, ukayeyuka, ukaacha kidonge cheusi kigumu. Muuzaji akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi mama, leta laki na nusu." Nilikasirika, maana hakujua kama zile zilikuwa pesa za mgonjwa au za nauli ya kwenda hospitali, wala hakuuliza. Nywele za plastiki si mbaya, na nitaeleza kwa nini mwishowe nilizichagua. Kibaya ni kuuziwa kwa bei ya nyingine.

Jambo ninalotaka ulishike ni hili: ukipewa wigi, ligeuze kwanza. Achana na rangi na urefu, tazama ndani. Mawigi mengi ya bei ya chini yameshonwa kwa mashine, mistari ya nyuzi ngumu inazunguka kofia yote. Mwenye nywele zake haisikii. Mimi nilipitisha kiganja nikasikia inakwaruza, nikajua nusu saa kichwani kwangu itakuwa mateso. Tazama pia kama kuna vitana vidogo vya chuma vya kushikilia nywele. Wewe hutakuwa na nywele za kushikilia, na meno yake yatachoma ngozi, kwa hiyo vitolewe. Na gundi ya kubandika lesi, ule ukingo wa neti wa mbele ya wigi, usiikubali kabisa kwenye ngozi inayopitia dawa hizi, hata ukiahidiwa kwamba ni laini.

Wigi la rasta nalo nililijaribu, kwa sababu linapendeza na linafanana na msuko. Ni zito. Kwa mtu anayelala nusu siku baada ya dripu, uzito ule unashuka hadi shingoni.

Nililochagua lilitengenezwa na msusi wa Area C kwa oda. Alinipima kwa futi ya fundi cherehani: juu ya paji la uso, nyuma ya masikio, hadi kisogoni. Wanawake wengi huwa kati ya sentimita 54 na 57, lakini nywele zikiondoka kipimo kinapungua, kwa hiyo tuliweka mikanda miwili ya kukaza nyuma. Kofia ni ya neti nyepesi, ukiinua kwenye mwanga unaona upande wa pili. Nywele ni za plastiki, fupi za kuishia shingoni, nyeusi isiyong'aa. Ndani tulimpa fundi cherehani ashone pamba ya fulana kuukuu, kipande cha kuzunguka paji la uso na kingine juu ya utosi, mishono yote ikatazama juu kwenye neti ili ngozi iguse kitambaa tu. Jumla ilikuwa kama elfu themanini pamoja na kazi ya fundi. Ile pamba ndiyo iliyonifanya niweze kuvaa kutwa.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, kwa hiyo wigi langu limefanya kazi nje hasa. Joto la mchana linavumilika kwa sababu ya neti, lakini jasho hukusanyika kwenye pamba ya paji la uso, na nikifika nyumbani nalivua mara moja. Upepo wa kuanzia Julai ndio mtihani mkubwa: unavuma na vumbi, na wigi lisilokazwa vizuri unalishika kwa mkono barabara nzima. Kwenye bodaboda kofia ngumu inalikandamiza na unapoivua inaondoka nalo. Mimi nilivaa mtandio hadi getini, wigi likiwa kwenye mkoba, nikalivalia ofisini. Bajaji haina shida hiyo. Kwenda Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, nilipanda treni ya SGR, ambayo tangu 2024 imenipunguzia sana uchovu wa safari ya Dar, na mle ndani kuna ubaridi wa kutosha. Ukishuka Dar joto lenye unyevu linakupokea, na hapo nilihamia kwenye kilemba cha kitenge bila kujiuliza mara mbili.

Jikoni livue. Nywele za plastiki haziwezi moto. Mvuke wa sufuria ya ugali unatosha kuzikunjakunja mbele, na zikishajikunja hazinyooki tena. Kwa kuosha ni maji baridi na shampuu kidogo ya watoto, usikamue, lifunge kwenye taulo kisha liache likauke kivulini juu ya kopo. Kwa vumbi letu nililiosha kila wiki. Nywele za binadamu zinavumilia moto na zinaonekana za asili zaidi, lakini zinataka mafuta, kuchanwa na kutengenezwa upya kila zikioshwa. Siku za dripu sikuwa na nguvu hizo. La plastiki unalikung'uta tu, linarudi umbo lake.

Bei ni suala linaloniuma. Juni 2019 Waziri wa Fedha wa wakati huo, Dk. Philip Mpango, alisoma bajeti hapa hapa Dodoma, na ndani yake kulikuwa na ushuru wa asilimia 25 kwa nywele bandia zinazotoka nje na asilimia 10 kwa zinazotengenezwa nchini. Zilihesabiwa kama kitu cha urembo. Ningeomba sana wabunge wamfikirie mwanamke mwenye barua ya daktari mkononi, kwa sababu kwake ni sehemu ya kuweza kutoka nje ya nyumba.

Kuhusu nyusi. Kichwa kilichonyolewa kwetu si ajabu, wasichana wa shule wananyoa kila siku na hakuna anayegeuka kuwatazama. Watu walianza kuniuliza kama ninaumwa siku nyusi na kope zilipopungua, na hiyo ilikuja baada ya nywele za kichwani. Kwa hiyo wigi lenye nywele za kushuka kwenye paji la uso linasaidia kuliko lile la kuonyesha uso wote. Sehemu iliyobaki nilichora kwa wanja wa penseli nikifuata ile picha ya kwenye simu. Bila picha usingeamini unavyosahau nyusi zako zilianzia wapi.

Usiku nilivaa kofia laini ya pamba. Juni na Julai Dodoma ina baridi ya kweli, na kichwa kisicho na nywele kinaisikia kabla ya miguu.

Wanafunzi wangu waliuliza mara moja. "Madam, umebadilisha nywele?" Nikasema ndiyo, wakarudi kwenye hesabu zao. Mama mkwe wangu ndiye aliyetaka kujua yote, na ndiye aliyekuja kukaa nyumbani wiki za dripu, akanipikia uji wa ulezi huku wigi likikauka uani.

Nywele zangu zilianza kuonekana kama miezi miwili baada ya dripu ya mwisho, laini kuliko za zamani na zenye mvi ambazo sikuwa nazo. Msusi ameniambia nisiziweke dawa kwa sasa, na nimemsikiliza. Wigi limekwenda kwa dada mmoja wa Kongwa aliyeanza dripu mwezi huu. Kabla ya kulituma nililifua, nikapeleka kwa yule yule fundi aitoe pamba ya ndani na kushona mpya, kwa sababu ile ya zamani ilikaa na jasho langu. Alinitoza elfu tano.