Taa za Krismasi Kew: tulimpeleka mama

Mama alipokuja kututembelea London kutoka Pangani, usiku mmoja tu wa Desemba alikubali kutoka nje, na tukautumia kwenda Christmas at Kew, maonyesho ya taa katika bustani ya mimea ya Kew. Majira hayo jua huzama kabla ya saa kumi jioni. Tuliposhuka stesheni ya Kew Gardens saa kumi na moja, giza lilikuwa limeshatanda. Kutoka hapo hadi lango la bustani liitwalo Victoria ni karibu, hata kwa mwenye magoti mabovu.

Kila tiketi ina saa yake ya kuingia, na za mwisho wa wiki huwahi kwisha; zetu nilizikata Septemba. Njia ni kama kilomita 3, mnaifuata hiyo hiyo mpaka mwisho. Mama alivaa koti langu, soksi jozi mbili, na kanga juu ya mtandio. Aliniuliza mapema kama kuna ibada ya Krismasi mle ndani. Nikamwambia, "Hapana mama, ni miti na taa."

Watu wengi husifia handaki la taa. Ni zuri, unajiona umezingirwa na vimulimuli, lakini kila hatua mtu amesimama anapiga picha, tukapita haraka. Mimi nilipenda miti mikubwa iliyomulikwa kutoka chini, kila tawi linaonekana. Mama akautazama mti mmoja uliopukutika majani yote. "Huu umekufa?" Mwanangu akamjibu, "Hapana bibi, umelala." Ndege zinazoshuka Heathrow zilikuwa zikipita juu yetu, na mtoto akaamini taa za ndege hizo nazo ni za bustani.

Kisha tukafika Palm House, nyumba ya chuma na kioo iliyojengwa kati ya 1844 na 1848. Miale ya rangi inacheza pamoja na muziki, na yote unayaona tena ndani ya maji ya bwawa lililo mbele. Mama alisimama kimya, halafu akasema, "Mbona wamepindua chombo?" Amekulia ufukweni, akiona mashua zikilazwa kutiwa kalafati. Wala hakukosea: nyumba ya kioo ya ukubwa ule ilikuwa haijawahi kujengwa, hivyo mafundi wakaazima ufundi wa kuunda meli. Nikamweleza kuwa ndani kuna minazi na michikichi, inatunzwa kwenye joto. "Kumbe na yenyewe imekimbia baridi," akasema.

Usiku ule tuliitazama kwa nje tu. Ukimleta mzazi, mvalishe vizuri, msiharakishe, na mkifika kwenye bwawa mkae mpaka muziki uzunguke mara mbili. Halafu mrudishe siku nyingine mchana, ingawa tiketi yake ni nyingine. Sisi tuliporudi mchana na kuingia Palm House, mama alivua koti mlangoni, akatafuta mnazi mpaka akauona, akasimama chini yake muda mrefu, kanga iko begani.